Umekutwa na homa ya ini B baada ya kuchangia damu? Sahani rudisheni kabatini

Mkuu mleta mada, pole kwanza. Umeandika kwamba ulichangia damu, ukapigiwa simu urudi, ukaambiwa una homa ya ini B. Tangu siku hiyo mama watoto amekutengea sahani na kikombe, shemeji amekuletea unga wa mizizi wa elfu themanini, na wewe unawaza kuacha kazi ya kupika mgahawani. Mimi niko Kirumba hapa Mwanza, fundi wa mashine za boti, na nina hiyohiyo B miaka mingi sasa. Si daktari. Nayajua haya kwa kuishi nayo na kwa kuwauliza madaktari mpaka wakanichoka.

Sahani rudisheni. B haipiti kwenye ugali wala kwa kushikana mikono. Inapita kwenye damu, kwenye kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Za kupitia maji na chakula kilichoingia kinyesi ni A na E, na hizo ndizo za kuogopa sisi tunaochota maji ziwani na kuyanywa bila kuchemsha. Mara nyingi huondoka zenyewe, ila E kwa mjamzito ni hatari kweli. C nayo ni ya damu. Haina chanjo, lakini ina vidonge vinavyoiponya karibu kila mtu ndani ya miezi mitatu hivi. B ni kinyume chake: chanjo ipo na ni nzuri mno, dawa ya kuing'oa kabisa bado.

Sasa wakati kikombe chako kinachemshwa, wembe wa nyumbani mnatumia wangapi? Kirusi hiki kinaweza kukaa kwenye damu iliyokauka siku 7 na bado kikaambukiza. Kaa soko la samaki la Mwaloni mchana umtazame kijana wa kusafisha kucha. Ana ndoo, jiwe la kusugulia, kikatio na kiwembe kimoja. Anamkwangua mama wa dagaa kisigino mpaka damu inachungulia, anachovya kiwembe kwenye maji yaleyale ya sabuni, anakifuta kwenye kitaulo, halafu "karibu anko". Vinyozi wetu nao, ile spiriti wanayopuliza mara moja juu ya meno ya mashine ni manukato tu. Mimi nina mashine yangu, naibeba kwenye mfuko. Kinyozi alininunia mwanzoni, siku hizi ananipunguzia bei.

Chale ndiyo balaa zaidi, kwa sababu mganga anapanga familia nzima, watoto kwa wakubwa, na wembe ni mmoja. Na wavuvi wa sangara mnaosoma hapa: ndoana ikimwingia mwenzako kidoleni, msiishike damu yake mikono mitupu, na koleo mliyomtolea ioshwe kwa maji yenye klorini kabla haijarudi kazini.

Mkeo apimwe wiki hii. Akikutwa hana na hana kinga, achome chanjo: ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu ukifika mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Mpaka amalize, kondomu. Akiwa mjamzito aseme mapema kliniki, maana virusi vyako huenda anavyo. Kama ni vingi kuna dawa ya kumpa mimba ikiwa kubwa, na Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa kila mama apate chanjo ya B ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Aulizie kabla ya uchungu, si baada. Kunyonyesha anyonyeshe.

Watoto, toa kadi zao za kliniki uziangalie. Chanjo hii iliingia kwenye ratiba ya nchi mwaka 2002, na sasa imo ndani ya ile sindano ya pamoja ya wiki ya 6, 10 na 14. Sindano zote tatu zikiwa zimejazwa, usingizi wako utarudi kidogo, ingawa kuwapima bado ni vizuri.

Na wewe mwenyewe: kipimo kimoja hakijasema umebeba ya kudumu. Rudia baada ya miezi sita. Mtu mzima akiipata, zaidi ya 95 kati ya 100 mwili unaifukuza wenyewe. Mtoto mchanga akiipata, kama 90 kati ya 100 wanabaki nayo, ndiyo maana wengi wetu tulionayo hatukumbuki kuugua. Ukishaelewa hizo namba mbili utaelewa pia jina la mganga wa shemeji yako limetoka wapi. Wanaokwenda kwake macho yakiwa ya njano wengi wao wangepona hata kwa uji. Wa kudumu wanakunywa, hawajisikii chochote, kwa sababu hata kabla hawakuwa wanajisikia chochote, wanatoa ushuhuda. Usiunywe. Ini ndilo linalochuja hiyo mizizi, na ndilo unalotaka kulinda.

Ikibaki, utapimwa wingi wa virusi, utendaji wa ini, na altrasaundi. Si kila mtu anaanzishiwa dawa, usigombe na daktari kwa hilo. Mimi nilihudhuria muda mrefu bila kidonge, vipimo vilipobadilika nikaanza tenofovia, kimoja kwa siku. Dawa hiyo imo pia kwenye mchanganyiko wa dawa za Virusi vya Ukimwi, kwa hiyo jirani akiona kopo atasema yake. Mwache aseme. Ukiacha kumeza bila ushauri ini linaweza kuwaka ghafla.

Gongo na bia, acha. Mahindi na karanga zenye ukungu tupa, usiwape hata kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya huo ukungu, ikikutana na B kwenye ini moja, hatari ya saratani inapanda sana. Mwaka 2016 sumukuvu peke yake iliua watu Dodoma na Manyara.

Jambo moja la huku kwetu: si kila tumbo lililojaa maji ni B, na si kurogwa. Kichocho cha tumbo kinachopatikana kwa kuoga na kufulia ziwani nacho kinaharibu ini mpaka mtu anatapika damu, na mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili. Mwambie daktari kwamba umekulia ziwani, akupime na hicho.

Kazi ya kupika endelea nayo. Ukijikata, funga jeraha, na chakula kilichoingia damu mwaga.

Kuchangia damu kwako ndiyo basi tena. Huyo mdogo wako aliyesema ataenda kuziba nafasi yako, mzuie kwanza. Ninyi ni wa tumbo moja, na kama uliipata kwa mama, yeye naye huenda anayo. Apime hospitali, majibu yakiwa safi achanje, ndipo awaulize watu wa damu salama lini anaruhusiwa kuchangia.