Kabla ya mizani, azima futi ya fundi

Kwa miaka mingi nilipima kilo tu nikaridhika. Kilo 74 kwa urefu wa sentimita 170, mikono myembamba, miguu ya mkimbiaji. Kitambi kilikuwepo, ila hapa Dar mwanaume mwenye kitambi huambiwa mambo yake safi, basi sikukishughulikia. Mwaka jana nikapimwa damu asubuhi kabla ya kula: sukari 6.4, juu ya kawaida. Siku hiyohiyo dada yangu, mwenye kilo 84 na nyonga alizorithi kwa bibi, akapata 4.8. Nilidhani majibu yamechanganywa.

Hayakuchanganywa. Kinachohesabika sana ni mahali mafuta yalipokaa. Ya mapajani na makalioni yanakaa chini ya ngozi, kama akiba iliyofungiwa. Ya ndani ya tumbo yanajizungusha kwenye utumbo, na damu inayotoka huko inaingia moja kwa moja kwenye ini ikiwa imebeba mafuta. Ini likishajaa, insulini, homoni inayoishusha sukari ya damu, inapiga hodi haifunguliwi, sukari inabaki kwenye damu. Jean Vague, daktari wa Marseille kule Ufaransa, aliandika tangu 1947 kwamba mahali mafuta yanapokaa ndipo penye jambo. Dada naye hajasalimika kabisa, kilo zile zinamuumiza magoti. Lakini aliyekuwa anaelekea kwenye kisukari ni mimi, na mizani ilikaa kimya.

Suruali ndiyo iliyonidanganya zaidi. Fundi wangu wa Tandika huandika inchi 36 kwenye daftari lake kila nikienda, kwa sababu suruali naifungia chini ya kitambi. Safari hii nikamwomba futi yake ya kupimia. Nikaipitisha katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, nikashusha pumzi kawaida bila kubana tumbo. Inchi 40, yaani sentimita 101 na kitu. Mwanaume akipita 94 aanze kujali. Akipita 102 hatari ni kubwa. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Ukisahau namba hizo, shika moja: kiuno kisifike nusu ya urefu wako.

Dawa za kukata tumbo na mikanda ya kubana sikugusa, na nakusihi usipoteze hela huko. Soda niliacha, na chipsi za saa tatu usiku pia. Jioni nashuka basi la mwendokasi Magomeni Mapipa, natembea hadi Manzese. Miezi miwili ya kwanza nilipungua kilo moja na nusu tu, nikavunjika moyo, kumbe mkanda ulikuwa umerudi tundu zima. Mafuta ya ndani ya tumbo huwahi kupungua kuliko ya mapajani. Leo kiuno ni 92, sukari 5.3.

Pima wiki hii, umpime na mzee wako nyumbani. Kiuno kikizidi, nendeni mkapime sukari na presha, asubuhi, kabla ya chai.