Re: Pampu ya dripu inalia "mrija umeziba" na chupa ni mpya

Dada, usikimbilie kitufe cha kunyamazisha. Fuata mpira (mrija wa dripu) kuanzia kwenye chupa hadi kwa mgonjwa: mara nyingi utakuta klampu, yaani kibanio cha mpira, haijafunguliwa, mpira umebanwa na kitanda, au mgonjwa amekunja kiwiko chenye kanula (kimrija kilichochomwa kwenye mshipa). Mkono ukiwa umevimba, simamisha pampu, dawa inaingia kwenye nyama. Tena ukishapata palipoziba, usipaachie tu. Presha imejikusanya kwenye mpira. Itoe kwanza mbali na mgonjwa, la sivyo atapata dozi ya ghafla, na kwa dawa kama adrenalini hilo si jambo dogo.

Umeuliza pia kama kuhesabu matone bado kuna maana. Kunayo, hasa kwetu ambako umeme hukatika na betri nyingi zimechoka. Lita moja kwa saa 8 ni mililita 125 kwa saa. Kwa seti ya dripu inayotoa matone 20 kwa mililita, hayo ni kama matone 42 kwa dakika. Hesabu hiyo pia inakukamatia kosa la desimali: ukiingiza mililita 25 kwa saa badala ya 2.5, mashine itatii bila ubishi. Kwa potasiamu au insulini, mwenzako ahesabu peke yake ndipo mlinganishe.

Na mazoezi, uliyouliza pia? Omba pampu isiyotumika, weka maji, ubane mpira makusudi. Kwa mililita 2 kwa saa utashangaa inavyochelewa kulia.