Kujitegemea kwenye uhusiano kwa umma: niko mwaka wa saba

Mdogo wangu, umeuliza kama kuacha kazi ya uofisa uhusiano na kuwa mshauri wa kujitegemea hapa Dar kunalipa, au ni kujitafutia njaa. Mimi niko mwaka wa saba. Kunalipa, na naifurahia kazi kuliko nilipokuwa nimeajiriwa.

Usidhani ni kulala hadi saa tatu. Naamka alfajiri, nachemsha chai huku nasikiliza magazeti yakisomwa redioni, maana mteja akiandikwa vibaya nataka nijue kabla hajanipigia. Kilichobadilika ni kwamba saa moja sipo tena kwenye foleni ya Ubungo.

Utamu wenyewe ni kumwambia mteja ukweli. Kwenye ajira, bosi akisema kanusha, nilikanusha. Mwaka juzi kiwanda kidogo cha maji ya kunywa kiliniita usiku. Video ilikuwa inazunguka WhatsApp, chupa yao ina uchafu unaelea. Mkurugenzi alishaandaa barua ya kuwatisha watu kwa wakili. Nikamuuliza, "Bosi, hii chupa ni yenu?" Akanyamaza, akazungusha kalamu mezani. Mwisho akasema ndiyo, mashine ya kuoshea chupa ilisumbua siku mbili. Nikafuta "tunapenda kuutaarifu umma" na yote yaliyofuata. Hadi saa saba usiku tulikuwa na mistari sita: chupa ni yetu, tatizo lilikuwa hili, mzigo wa tarehe hizi rudisha dukani upewe mwingine, namba yangu hii hapa. Asubuhi akasimama mwenyewe mbele ya kamera, karatasi inamtetemeka mkononi, akasoma yote. Jioni waliokuwa wanatukana walikuwa wanaulizana duka gani la karibu linapokea chupa. Nilirudi nyumbani siku ile nimechoka hoi, na sikupata usingizi kwa furaha.

Pesa ndiyo inayotesa. "Njoo wiki ijayo" inaweza kufika miezi mitatu. Siku hizi nachukua nusu kabla sijaandika hata neno, na nina wateja watatu wanaolipa kila mwezi. Hao ndio kodi ya nyumba na ada ya watoto. Mteja akikukata ile kodi ya zuio ya 5% anayoipeleka serikalini kwa niaba yako, dai cheti chake palepale, usije ukaanza kuwabembeleza wahasibu mwisho wa mwaka. Kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kuchukua TIN, namba ya mlipakodi, hakutakusumbua, fanya kabla hujaacha kazi.

Halafu waheshimu wahariri. Usimpigie mtu saa kumi jioni anafunga kurasa ukamuuliza habari yako imefikia wapi. Taarifa ifike asubuhi, iwe fupi, na picha iwe na maelezo kamili ya nani ni nani kuanzia kushoto. Mimi bahasha ya pesa ili habari itoke sitoi. Mwanzoni baadhi walininunia, sasa wananipigia wenyewe wakitaka kuhakiki jambo, hata lisilomhusu mteja wangu, kwa sababu sijawahi kuwadanganya.

Jumatano mchana sipangi kikao. Navuka na pantoni kwenda Kigamboni kwa mama, tunapika samaki wa nazi, simu iko kwenye pochi lakini haijazimwa. Mwaka huu imenitoa jikoni mara mbili tu.