Goma au Lubumbashi? Uliza kwanza mji unakula nini

Ile karatasi ninayo bado. Ni ukurasa wa daftari niliouchana mwaka 2018, siku mbili baada ya kupokea majibu ya kazi mbili kwa mpigo, jambo ambalo kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), halimtokei mtu mara mbili. Nimepiga mstari katikati. Upande huu Goma, mwisho wa pili wa Ziwa Kivu letu, upande ule Lubumbashi, mbali kusini mwa nchi. Chini yake: mshahara, nyumba, chakula, usafiri, cha kumtumia mama. Goma ilishinda kwa dola 150 kwa mwezi. Nikapanda meli ya usiku na mabegi mawili na godoro, nikijisifu moyoni kwamba mhasibu hakosei hesabu.

Mwaka 2022 nilihamia Lubumbashi. Kwa hiyo mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayemaliza chuo sasa, aliponiandikia juzi, "Yaya, nije kwako ao niende Goma?", niliitafuta ile karatasi kabla ya kumjibu. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Ila mistari iliyokuwemo haikuwa ile iliyokuja kunitesa.

Nianze na nyumba, maana ndipo nilipopigwa kwanza.

Komisionere, dalali wa nyumba, alinipeleka kuona nyumba ya Goma Jumapili mchana. Vyumba viwili, ukuta mzuri, mlango wa chuma. Akaingia bafuni, akafungua bomba, maji yakatoka kwa nguvu. "Angalia, dada, maji hayo." Nikaangalia. Mwenye nyumba akataka garanti, kodi ya dhamana, ya miezi 6, nikahesabu dola mbele yake. Akawa anainua noti moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akanirudishia mbili: moja ilichanika pembeni kiasi cha punje ya mchele, nyingine ilikuwa na alama ya kalamu. Zile nyingine akaziweka mfukoni. Jumatano bomba likakauka. Tangi la juu ya paa lilikuwa limejazwa kwa bidoni, yaani madumu ya maji, kwa ajili yangu, kwa ajili ya Jumapili ile moja. Mtoto wa jirani ndiye aliyenieleza, tena kwa kucheka, maana ndiye aliyelipwa kuzibeba. Goma imekaa juu ya ziwa zima la maji matamu na nusu ya mshahara wangu wa kwanza ilienda kwenye maji ya bidoni. (Nimetia chumvi. Lakini si nyingi.)

Tangu hapo siendi kuona nyumba na komisionere peke yake. Naenda siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi, nakaa njiani nione watoto wanatokea wapi na bidoni zao na wanatembea dakika ngapi. Nauliza bei kwa mtoto. Mtoto hana sababu ya kunidanganya.

Hayo ni ya kero tu, mtu anayazoea. Jambo lenyewe ninalotaka mdogo wangu alisikie ni lingine: kabla hujauliza mji utakulipa nini, uliza mji wenyewe unakula nini. Kila mji una chungu chake. Siku chungu kikipasuka, unataka kujua kama kuna kingine jikoni.

Goma ya wakati wangu ilikuwa inakula mashirika ya misaada. Upo mpaka wa Gisenyi, kuvukia Rwanda, lipo soko la Birere, wapo wenye maduka na wenye chukudu, baiskeli za mbao za kusukuma, wanaoshusha mizigo mchana kutwa, lakini kijana mwenye diploma alikuwa anatafuta shirika. Nyumba za mtaa wa Himbi zilikuwa na bei ya shirika, magari yalikuwa ya shirika, hata ndoa zilisubiri mkataba usainiwe upya. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi 6. Ulirudiwa, ukarudiwa tena, halafu mradi ukafungwa. Ijumaa saa tisa nikaletewa barua yenye mistari minne. Bosi alinipenda, alinipa hata kalamu nzuri ya kuagana, lakini pesa ya mradi ikiisha hakuna mapenzi. Na hapa ndipo karatasi yangu ilipodanganya: rafiki zangu wote niliowatengeneza Goma walikuwa wahasibu, madereva na maafisa wa miradi. Nilipotafuta mtu wa kunisaidia kupata kazi, nilikuta nao wanatafuta.

Mimi nilikuwa nimeshaondoka yalipotokea ya 2025. Januari ile Marekani ilisimamisha misaada yake, na kabla mwezi haujaisha waasi wa M23 wakauchukua mji. Februari wakaingia Bukavu. Benki za Goma zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Rafiki yangu mmoja, mtu wa akiba kuliko wote niwajuao, alikuwa na pesa ya mwaka mzima kwenye akaunti, akawa anakopa ya unga kwa jirani. Mtu wa aina hiyo huwezi kumlaumu kwa lolote. Alikosa tu chungu cha pili, ambacho sisi sote hatukukiandika kwenye karatasi zetu.

Sasa usidhani Lubumbashi ni mbinguni. Huu mji ulizaliwa 1910 kwa ajili ya shaba, na ile bomba kubwa ya moshi pamoja na mlima wake mweusi wa mabaki bado ndivyo vinavyokuonyesha umefika. Vijana wa Kivu wanakuja wakisema wanaenda migodini. Migodi mingi mikubwa iko huko mbele, Fungurume na Kolwezi, na Kolwezi ni kilomita 300 hivi kutoka hapa. Lubumbashi ina ofisi, maghala, gereji, mawakala wa forodha, na malori yanayopanga mstari kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ukipata kazi ya mgodi kwelikweli, huenda usiishi Lubumbashi kabisa: utalala kambini wiki kadhaa, utarudi siku chache, na kodi ya nyumba utaendelea kulipa. Tena uangalie nani anasaini mkataba wako. Wengi wetu tunafanya kazi ndani ya uzio wa kampuni kubwa huku mwajiri ni kampuni ndogo iliyopewa kazi na ile kubwa. Kofia ni ya mkubwa, mshahara ni wa mdogo.

Na chungu cha hapa nacho hupasuka. Februari 2025 serikali ilisimamisha kutoa kobalti nje ya nchi, ikawa hivyo mpaka Oktoba, kisha ikaja na mgao. Ofisi ninayofanyia kazi inashughulika na makaratasi ya forodha. Tulikaa miezi tukipanga mafaili kwa rangi.

Tofauti niliyoiona ni hii. Mwaka ule nilipata kazi ya pembeni mara mbili bila kuandika barua hata moja. Ya kwanza kwa mama anayeuza vifaa vya ujenzi, naimba naye kwaya. Ya pili kwa mwenye malori anayeleta unga wa mahindi kutoka Zambia. Watu walipunguza vingi mwaka huo, bukari, yaani ugali, hawakupunguza. Hapa shaba inakula kwanza, lakini walioketi mezani ni wengi, na si wote wanaofanya kazi moja. Hivyo ndivyo ninavyopima mji siku hizi: siku ya kwanza bila mkataba, nitamgongea nani mlango, na huyo mtu anaishi kwa kazi gani? Kama watu watano wote unaowafikiria wanalipwa na mfuko mmoja, umepata jibu lako.

Kuna mstari mwingine ambao kwenye karatasi haukuwepo, umbali wa nyumbani, na huu unaipa Goma alama. Volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka Jumamosi usiku, tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye tukaamriwa kuondoka, nilijisukuma kwenye chombo na begi moja, na asubuhi nikamkuta mama amesimama kwenye kivuko cha Bukavu na kitenge chake cha baridi. Bibi alipofariki mwaka jana, mimi niko Lubumbashi, kilomita elfu moja na zaidi, na Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu, umefungwa. Njia ilikuwa ni kuzunguka kupitia nchi jirani. Nikapiga hesabu ya tiketi, ya viza, ya siku za ruhusa, na bibi akazikwa mimi nikiwa kwenye simu na kaka yangu, mtandao unakatika kila waimbaji wanapopandisha sauti. Mwenye kwenda mbali aiweke safari ya msiba kwenye bajeti, pesa kamili, bahasha yake peke yake, asiiguse kwa kodi wala kwa harusi ya rafiki.

Vitu vidogo utavijua ukifika. Umeme unakatika huku na huko. Kamuna moja, yaani sehemu ya mji, inaitwa Kenya, usishangae ukisikia mtu anaenda Kenya kwa basi dogo akarudi kabla ya chakula cha mchana. Kiswahili chako cha Bukavu watakicheka wiki mbili, ya tatu utajikuta wewe mwenyewe unasema bukari. Juni usiku kuna baridi ambayo hakuna aliyeniambia.

Mdogo wangu nimemjibu kwamba siwezi kumchagulia. Amesoma maji na usafi wa mazingira, na kwa kazi hiyo Kivu itamhitaji mapema kuliko Katanga, yaani huku kwetu Lubumbashi, vita viishe visiishe. Ameuliza kama anaweza kuja kwangu wiki mbili aone mwenyewe. Nimemwambia aje Oktoba, mvua haijaanza, joto na vumbi ndipo vinapochemka. Godoro lipo, lilelile la 2018. Bidoni zipo pia.