Kiarabu chuo kikuu: usisome peke yako

Kila muhula unapofunguliwa hapa Kisumu, kuna mwanafunzi atakayeniuliza: mtu asiyepita madrasa atakiweza Kiarabu chuo kikuu? Atakiweza. Nimewasaidia wengi jioni, waliotoka Mumias na Kendu Bay wakiwa wamehitimu juzuu zote 30 za Kurani, na waliokulia Kondele bila kuijua hata alifu. Kila kundi lina mzigo wake.

Wa madrasa ana ulimi. ح na ه hazimchanganyi, wala ص na س. Lakini amezoea maandishi yenye irabu. Mpe gazeti, ambalo kwa kawaida halina alama za irabu, yaani fat-ha (a) wala kasra (i), anasimama mstari wa kwanza, maana hapo irabu huletwa na sarufi, si na kumbukumbu. Na kusoma kwa tajwidi, yaani kwa kanuni za matamshi ya Kurani, si kuelewa. Ndiyo maana huwa namwambia asikose mihadhara ya mwanzo kwa kudhani anayajua hayo.

Asiyepita madrasa amalize herufi zote 28, na maumbo yake mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno, kabla sarufi haijakolea. Akianza kuandika Kiarabu kwa herufi za Kilatini ili aende haraka, muhula wa pili utamlemea. Hili nalisisitiza kuliko yote.

Kamusi nayo huwakatisha wengi tamaa bure. Kamusi ya Hans Wehr imepangwa kwa mizizi: neno mudarris (mwalimu) haliko kwenye herufi mimu, liko chini ya mzizi d-r-s. Jifunze kuutambua mzizi mapema.

Kuhusu kusikiliza, acha kwanza tamthilia za Misri. Chuoni unafundishwa fus-ha, yaani Kiarabu sanifu, na mle wanazungumza lahaja yao. Taarifa ya habari ya Al Jazeera inakufaa zaidi, kidogo kidogo kila siku.

Ila kinachowainua wanafunzi kuliko vyote, kwa niliyoyaona, ni kusoma kwa vikundi vya mchanganyiko. Saa za darasani ni chache, na ukitoka hapo mjini kwetu ni Kiswahili, Dholuo na Kiingereza tu. Wa madrasa atakurekebisha matamshi, mgeni wa lugha atauliza "kwa nini hapa ni dhumma (irabu ya u)?" na kumlazimisha mwenzake aitafute kanuni. Kaeni watatu au wanne, chukueni aya moja ya gazeti isiyo na irabu, kila mtu aitie irabu zake kwa penseli, kisha aeleze kwa nini amechagua hivyo. Bishaneni kwa Kiarabu, hata kibovu.