Nilimzika bibi mara ya pili ili nimuuguze mwanangu

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, naishi Gongo la Mboto na mume wangu na watoto wawili, wa miaka 7 na wa miaka 3. Huu ni mwaka wa tisa nafanya kazi ya uhasibu katika kampuni moja hapa Dar es Salaam. Nakuandikia usiku, wote wamelala.*

*Jumatatu alfajiri nilikuta dada wa kazi ameondoka. Aliacha ujumbe kwenye simu kwamba mama yake anaumwa huko Singida. Najua ni uongo, amekaa nasi mwaka na nusu na huyo mama hajawahi kumtaja. Mdogo nikampeleka kwa jirani. Jumanne saa tatu usiku yule mkubwa ndiyo anakumbuka kwamba kesho wanatakiwa shuleni na fagio la chelewa, nikatoka kugonga maduka. Jumatano mvua ilinyesha tangu usiku, nikafika kazini saa nne, na kwa ile haraka nikawapelekea wakubwa hesabu za mwezi uliopita badala ya za mwezi huu. Jioni jirani akapiga simu, mtoto anachemka. Kituo cha afya wakapima wakakuta malaria. Tulirudi nyumbani saa sita usiku, mume wangu amelala. Si mtu mbaya, Shangazi. Hanywi, kodi analipa, ameajiriwa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Ila mambo ya watoto anasema ni ya mama yao.*

*Alhamisi asubuhi jirani alikuwa na safari, sikuwa na wa kumwachia mgonjwa. Nikampigia mkuu wangu, nikajikuta nasema bibi yangu wa Morogoro amefariki. Bibi alifariki mwaka 2015. Nikapewa siku mbili. Ijumaa wenzangu wa ofisini wakanitumia rambirambi shilingi 140,000, na wanataka kuja nyumbani kunipa pole. Nimewaambia wasubiri nitulie. Mwanangu mkubwa alinisikia nikipiga simu ile, akaniuliza: "Mama, kwani bibi alifufuka akafa tena?"*

*Mume wangu anasema niache kazi nilee watoto. Naanza kuona labda yuko sahihi. Nifanye nini? Mama Wawili.*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale kwenye swali la mtoto. Nitalifikia. Tuanze na mgonjwa.

Kama alipewa dawa mseto, dozi ni sita kwa siku tatu. Ya pili hutolewa masaa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni mpaka ziishe, hata kama homa imeshuka siku ya pili na mtoto ameshaanza kukimbia uani. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, ndivyo inavyoingia vizuri mwilini. Kwa juma kama lile ni rahisi dozi moja ipotee kati ya usiku na foleni. Ukihisi ilipotea, au homa ikirudi, mrudishe kituoni apimwe upya. Mabaki ya vidonge usiyatunze kwa ajili ya homa nyingine.

Sasa bibi.

Unaamini ulidanganya kwa kuwa hukuwa na njia. Njia ilikuwepo, na kinachoniuma ni kwamba umefanya kazi miaka yote hiyo bila mtu kukuonyesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara angalau siku 4 za likizo yenye malipo pale mtoto wake anapougua. Ni siku 4 kwa mzunguko wa miezi 36, yaani hazianzi upya kila homa inapoingia, na ukihitaji zaidi mnakubaliana na mwajiri bila malipo. Kifungu hichohicho ndicho kinachotaja kufiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa. Nisome polepole hapa, mwanangu. Siku ulizoombea kifo cha bibi na siku ambazo homa ya mwanao ingekupa ni zilezile, zimeandikwa mahali pamoja. Mwajiri anaruhusiwa kudai uthibitisho, na uthibitisho ulikuwa nao kwenye mkoba: karatasi ya kituo cha afya, ya Jumatano, yenye jina la mtoto.

Sikuelezi haya nikuongezee majuto. Nakueleza kwa sababu woga wako haukutoka hewani. Wanawake wengi huniandikia kwamba ofisini msiba unaheshimika kuliko ugonjwa wa mtoto. Ukisema umefiwa, watu wanasimama, wanachanga, wanauliza usafiri. Ukisema mtoto ana homa, mtu anatazama saa. Umeishi humo miaka tisa, na asubuhi ile mdomo wako ukachagua neno ambalo ulijua litapokelewa. Naelewa. Lakini fedha ya rambirambi haiwezi kukaa kwako hata wiki moja zaidi. Yupo mle ofisini aliyetoa elfu tano yake ya nauli kwa ajili ya bibi yako.

Anza na mtu aliyekusanya mchango. Mrudishie 140,000 zote, umweleze ukweli kabla hujaingia kwa mkuu wako, kisha siku hiyohiyo uingie kwa mkuu. Usimtumie ujumbe. Simama mbele yake useme: "Alhamisi sikuwa na msiba. Mwanangu alikuwa na malaria, sikuwa na wa kumwachia, nikaogopa kusema hivyo. Karatasi ya kituo hii hapa. Rambirambi nimerudisha. Naomba radhi." Unyamaze hapo. Habari za dada, fagio na mvua ziache nyumbani, maana ukianza kuzipanga zitasikika kama utetezi. Hesabu za mwezi usio wake zirekebishe asubuhi hiyo kabla hujaitwa.

Sitakuficha hatari iliyopo. Kanuni za utendaji bora kazini za mwaka 2007 zinautaja udanganyifu mkubwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumwachisha mtu kazi, na wewe unashika hesabu za watu. Kanuni hizohizo zinamtaka mwajiri atazame pia mtu mwenyewe: amekaa muda gani, rekodi yake ikoje, alikuwa katika hali gani. Miaka tisa, mtoto mgonjwa, fedha imerudi, na umekuja kwa miguu yako kabla hujagunduliwa. Huenda ukaandikiwa onyo. Ukiandikiwa, lisaini. Onyo utalimaliza, lakini msiba wa uongo utakufuata kila mwaka. Kuna siku utafiwa kweli, na utaogopa kupiga simu.

Nilipokuwa nafundisha Korogwe, mwanangu alishikwa na homa nikaenda naye shuleni kwa kuficha. Nikamlaza juu ya khanga nyuma ya kabati la walimu, nikaingia darasani roho mkononi. Niliporudi nilimkuta mwalimu mkuu amevua koti lake amemfunika. Mtu yule nilimwogopa miaka mitatu. Sisemi kila mkuu ana koti la namna hiyo. Nasema sikuwahi kumuuliza.

Na mwanao mkubwa. Mtoto wa miaka 7 hakuuliza vile kwa utundu. Amesikia jambo ambalo halikai sawa kichwani, akalileta kwa mtu anayemwamini. Ukimwambia "nyamaza, mambo ya wakubwa," atanyamaza, na baadaye atanyamaza hata kwa yale unayotaka akuambie. Kaa naye, mwambie: bibi alifariki siku nyingi, hajafa tena, mama aliogopa akasema lisilo kweli, na kesho anakwenda kulirekebisha. Ukirudi jioni mwambie umelirekebisha. Mtaje bibi vizuri siku hiyo, jinsi alivyokulea, chakula alichokupikia. Nadhani nawe unahitaji kumsikia akitajwa hivyo.

Tuje kwa baba watoto. Umenieleza kwa uangalifu kwamba si mtu mbaya, na nakuamini. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mumeo anautazama mzigo wako kwa mbali anauona mwepesi, na wewe umemsaidia auone hivyo kwa kuubeba bila sauti. Saa sita usiku umerudi na mtoto mwenye malaria, ukampita amelala. Hukumwamsha. Kwa nini? Jiulize wewe kwanza kabla hujamuuliza yeye.

Kifungu kile cha 34 hakikuandika "mama". Kimeandika mfanyakazi. Mumeo ameajiriwa, naye ana siku zake 4 mtoto anapougua. Nyumba yenu ina siku 8 kwa mzunguko huo wa miezi 36, na juma lile mliishi kana kwamba hakuna hata moja. Alhamisi ile mngeweza kugawana, wewe siku hiyo, yeye Ijumaa, na bibi angelala kwa amani Morogoro.

Zungumza naye Jumapili baada ya chakula, watoto wakiwa nje. Usimfungulie kesi ya miaka tisa. Muulize mambo matatu: mwalimu wa darasa wa mkubwa anaitwa nani, mdogo ana kilo ngapi, na kadi yake ya kliniki inakaa wapi. Akishindwa, usicheke wala usilaumu. Mweleze kwamba dawa ya malaria hupimwa kwa uzito wa mtoto, na kwamba siku ukiwa wewe umelazwa, muuguzi atamuuliza yeye. Kisha mpe kazi moja iwe yake kabisa. Mimi ningempa shule ya mkubwa: namba yake iandikwe kwa mwalimu, daftari akague yeye, ada na michango afuatilie yeye. Fagio likisahaulika, yeye ndiye agonge maduka saa tatu usiku. Na wewe ujizuie kabisa kumsimamia, hata akimpeleka mtoto na soksi zisizofanana. Akikataa katakata, mshirikishe mtu anayemheshimu, mshenga wenu au dada yake mkubwa. Hilo si kuanika ndoa, ndiyo kazi ya watu hao.

Kuhusu kuacha kazi: wapo wanawake ninaowafahamu walioacha kwa hiari, wakafurahi. Lakini kwenye barua yako yote sijaona mahali unaposema unataka kuacha. Nimeona umechoka. Mumeo amekuletea suluhisho ambalo kwake halibadilishi kitu. Ataamka saa ileile, atarudi saa ileile. Kabla hamjaamua, kaeni na karatasi. Usiandike mshahara peke yake. Pensheni ya NSSF inadai michango ya miezi 180, na kama yako imepelekwa kila mwezi, umeshavuka 90 na ushee. Umebakisha nusu, au chini yake. Omba taarifa ya michango yako uione kwa macho, halafu muulize kama naye angekuwa tayari kuiacha yake akiwa katikati.

Nimebakisha dada wa kazi, kwa sababu ndiye ninayemfikiria zaidi tangu niliposoma.

Umeandika kwamba ameondoka kwa uongo. Huenda. Lakini hebu weka Jumatatu yake karibu na Alhamisi yako. Mtu amebanwa, anamwogopa anayemwajiri, haamini kwamba akisema ukweli atasikilizwa, basi anamtaja mzazi mgonjwa au bibi aliyefariki, anaondoka. Umemtambua? Mwaka na nusu, mwanangu, na hukuniambia kwamba aliwahi kwenda kwao hata mara moja. Sheria ileile ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka, na haikumwacha nje anayefanya kazi jikoni kwako. Kama hajawahi kuzipata, bado unamdai maelezo, lakini naye anakudai siku. Na kama mama yake kweli anaumwa, basi binti huyo alisafiri alfajiri ile peke yake akiwa na hofu, bila pole wala nauli kutoka kwenye nyumba aliyolelea watoto.

Mpigie kabla hujaanza kutafuta mwingine. Usimuulize kwa nini aliondoka. Muulize mama yake anaendeleaje, kisha umwambie mdogo alipata malaria na sasa anaendelea vizuri, maana nina hakika anamuwaza. Kama mshahara wa mwezi huo hujamlipa, umtumie leo.