Anazungusha picha za faragha za rafiki yetu: niseme au ninyamaze?

Dadangu, kama mmoja wenu anazungusha picha za faragha za mwenzenu kwenye WhatsApp, mwambie leo huyo mwenzenu aliye kwenye picha, mkiwa wawili tu. Usianze kumkabili anayezizungusha: ana siku 2 na saa 12 za kufuta ujumbe kwa wote, na ushahidi utapotea. Piga skrinishoti za namba, tarehe na maneno yake. Picha zenyewe usimtumie mtu yeyote, hata kwa nia njema. Aliye kwenye picha, akiwa ametimiza miaka 18, azisajili StopNCII.org, tovuti ya kuzuia picha za faragha zisisambae: picha haitoki kwenye simu yake, hutumwa alama yake ya kidijitali tu, na Facebook na Instagram huitumia kuizuia. Kushtaki ni uamuzi wake, msimsukume. Kenya, kifungu cha 37 cha sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018 kinatoa faini hadi shilingi 200,000, kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili.